Klachi Bila Plei

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa mjini basi pikipiki unaijulia mgongoni kwa dereva. Unataja unakokwenda, mnapatana bei, unapanda, mnaondoka. Mkono wake wa kulia unauona, maana ndio unaovuta mafuta na kukutia hofu. Lakini ule wa kushoto, unaofumba na kufumbua vidole kila gia inapobadilishwa, nani anauangalia? Leo nataka tuuangalie huo. Mkono huo umeshika klachi, na mimi nasema ukiijua klachi ya pikipiki ya Tabora utakuwa umejua mambo mengi ya vijana wa Tabora, hata yale yasiyosemwa kijiweni.

Nijitambulishe kwanza. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo mbele za watu unasema "si haba" halafu unabadilisha mazungumzo. Mchana niko gereji, chini ya mwembe. Usiku naandika riwaya kwenye kauntabuku. Naam, riwaya, usicheke. Inamhusu mpagazi wa zamani, na nimefika ukurasa wa tisini na kitu. Gereji yetu haina bango. Ina fundi mmoja mtu mzima, tunamwita Fundi tu, inaye mimi, ina sanduku la spana na turubai la kujikinga na mvua. Wateja wetu ni pikipiki za abiria na mizigo, zile za sisi 125 na 150. Zimeundwa kwa ajili ya barabara, lakini huku kwetu zinafanya kazi ya gari la porini.

Sasa tuelewane klachi ni nini. Injini ikishawaka inataka kuzunguka tu. Gurudumu nalo kuna wakati ni lazima lisimame. Kati ya hawa wawili anahitajika msuluhishi. Ukifungua kava ya upande wa kulia wa injini, utakuta kikapu cha chuma, na ndani yake pleti zimepangwa kama chapati: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa vipande vya kukamata, kisha chuma tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Springi, mara nyingi nne, zinazibana zote ziwe kitu kimoja, na hapo nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia, kwenye cheni, hadi gurudumu la nyuma. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavutika, springi zinasukumwa, pleti zinaachana, nguvu inakatika. Ukiachia taratibu, pleti zinagusana, zinasuguana kidogo, kisha zinashikamana. Kusuguana huko kwa muda mfupi ndiko kunakoiondoa pikipiki bila kuruka kama mbuzi. Kukiwa kwa muda mrefu ndiko kunakoiua.

Siku zangu za mwanzo Fundi hakunipa spana. Alinionyesha kidole.

"Dogo, weka kidole hapa," akasema, akinielekeza kwenye ncha ya mkono wa klachi. "Vuta pole pole. Unasikia pale unapokwenda bure, kabla haujawa mzito?"

"Nasikia."

"Hiyo ndiyo plei. Watu wanadhani ni ulegevu. Sio ulegevu, hiyo ndiyo pumzi yake."

Plei inayotakiwa kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 10 hadi 20 ukipimia kwenye ncha ya mkono. Kwa ufundi wetu wa uswahilini, upana wa kidole kimoja. Ikizidi sana, unavuta hadi mwisho lakini pleti haziachani sawasawa. Gia zinaingia kwa kelele, fri inatafutwa kama sindano, na pikipiki inasogea yenyewe ingawa umebana klachi. Ikikosekana kabisa, kosa linakuwa kubwa zaidi kwa sababu halina kelele. Waya unakuwa umevutika saa zote, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana ameshika mkono wa klachi kidogo. Springi hazibani kwa nguvu zao zote. Pleti zinateleza, zinapata moto, zinang'aa kama kioo, na kitu kinachong'aa hakikamati. Hapo utasikia injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, kisha inakuja harufu fulani ya kuungua ambayo ukishaijua huisahau.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ya kutisha. Unaanzia juu, kwenye usukani: unalegeza ringi ya kufungia, unazungusha skrubu ya kurekebishia, unapima kwa kidole, unakaza ringi. Skrubu ikiwa imefika mwisho, unairudisha ndani, unashuka chini kwenye injini ambako waya umeshikwa na nati mbili, unarekebisha pale, halafu unarudi juu kumalizia. Kisha unageuza usukani kushoto na kulia. Plei ikibadilika, ujue waya umepita pabaya au umebanwa mahali. Na kazi hii haiishi, kwa sababu vitu viwili vinakwenda kinyume: waya ukivutika, plei inaongezeka, pleti zikilika, plei inapungua. Kwa hiyo aliyerekebisha mwezi uliopita asijisifu leo.

Pengine utauliza, mbona pikipiki za mijini mikubwa klachi zao zinakaa sana? Jibu liko ardhini. Toka kwenye lami ya Tabora, uelekee vijiji vya Uyui, Sikonge au Urambo, utakutana na kichanga. Wakati wa kiangazi kichanga kinashika gurudumu kama mtoto aliyekataa mama yake asiende sokoni. Masika yakija, zile mbuga zenye udongo mweusi zinageuka gundi. Dereva asiyejua anafanya nusu klachi: anavuta mafuta mengi huku vidole vimebana nusu, akitumaini kuchomoka. Anachomoka kweli, lakini kila mita anailipia kwa pleti. Dereva anayejua anaweka gia ya kwanza, anaachia klachi yote, anashika mafuta ya wastani, na ikishindikana anashuka kusukuma. Halafu kuna ule mzigo. Abiria wawili nyuma, ile tunayoiita mishkaki, na gunia mbele. Mbao. Madumu ya asali. Wakati mwingine mgonjwa, katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia asianguke.

Na hapo ndipo riwaya yangu inapokutana na gereji. Waswahili wana methali yao: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wengine wanaisema kama utani, sisi tulizaliwa nayo. Karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, Novemba 1857, na tayari walikuta mji wa biashara. Pembe zilishuka pwani, nguo na shanga zikapanda bara, na gari la njia hiyo lilikuwa bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30 na zaidi. Kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Jambo moja katika habari hizo lilinikalia kichwani. Mizigo ya nguo ilifungwa pamoja na fito zilizozidi urefu wa mtumba. Mpagazi akichoka aliusimamisha mzigo na kuuegemeza kwenye mti, akapumua, halafu akaingiza bega bila kuinama hadi chini. Yaani watu wale, pamoja na shida zote za njia, walijua kwamba mzigo lazima uwe na namna ya kuachiwa kidogo. Bila mpagazi hakuna aliyesogea. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa pale Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walipofika ndipo alipoondoka, mwezi Agosti. Hata Stanley mwenyewe, mwaka uliotangulia, Mirambo alipoifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji, alilazimika kuzunguka kusini, kama madereva wetu wanavyoizunguka mbuga iliyojaa maji.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo mrefu ukahamia kwenye behewa. Lakini reli haifiki mlangoni kwa mtu, na lami nayo haifiki kila kijiji. Ule mwendo wa mwisho, kutoka stesheni au barabarani hadi kwenye nyumba iliyoko porini, bado unahitaji kijana na mzigo. Tofauti ni kwamba sasa bega limekuwa klachi.

Sasa nikusimulie habari ya kijana mmoja. Mimi namwita Kaka, maana amenizidi miaka mitatu. Kaka alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kwa asiyejua, mkataba ni hivi: tajiri ananunua pikipiki, wewe unaendesha, kila siku unapeleka hesabu, na muda mliopatana ukiisha chombo kinakuwa chako. Hesabu ya Kaka ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku saba kwa wiki. Mafuta juu yake, matengenezo juu yake, mvua juu yake. Akilimbikiza deni la siku tatu, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na yote aliyolipa yamekwenda na maji. Alipotufikia alikuwa amebakiza wiki tano.

Alikuja akisukuma. Fundi alipogusa mkono wa klachi, uso wake ulibadilika. Haukuwa na plei hata ya unywele.

"Nani amekaza hivi?"

"Mimi, Fundi. Tajiri aliniambia mkono unacheza, nikaze. Alisema kitu kilicholegea ni kitu kilichoharibika."

Tulifungua kava. Ile harufu ikatoka. Pleti za kukamata zilikuwa nyeusi na zinang'aa, na zile za chuma zimeingia rangi ya bluu ya kuungua. Kaka alikaa kwenye tairi bovu, akatueleza. Usiku wa jana yake alikuwa akimleta mama mjamzito kutoka kijijini, pamoja na dada yake wa kumshika. Kwenye kichanga injini ikalia, gurudumu likakataa. Akawashusha. Yule mama akatembea, anasimama kila uchungu ukija, anashika mti, anaendelea, huku Kaka anasukuma pikipiki nyuma yao na taa inafifia. Walifika kwenye barabara kubwa, wakapata gari. Alijifungua salama. Lakini Kaka aliposimulia hakuitikia pole zetu. Aliangalia tu zile pleti.

Fundi alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuweka washa nyuma ya springi ili zibane kwa nguvu: mkono unakuwa mzito kama wa kufungulia geti, na pleti zilizokufa hazifufuki. Hiyo aliikataa. Ya pili, kuzisugua pleti za kukamata kwa msasa juu ya kioo bapa, upate siku chache. Lakini zile za chuma zilikuwa zimeungua, kwa hiyo ingekuwa kujidanganya. Ya tatu, seti mpya. Bei yake pamoja na oili na gasketi ilikuwa kama hesabu ya siku nne, na Kaka alikuwa tayari anadaiwa siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa ndiyo ile tuliyokuwa tumekaa.

Akampigia tajiri simu. Nilitegemea aje mtu wa kitambi na funguo za gari. Akaja mzee mwembamba juu ya baiskeli, mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi. Kaka akasimama, "Shikamoo Mwalimu." Akaitika, akaangalia injini iliyofunguliwa kama anayeangalia daftari la mwanafunzi aliyemtegemea.

"Kwa nini imeungua?"

Fundi hakumjibu. Alichukua pikipiki nyingine iliyokuwa imepona, akamwomba aweke kidole. "Mwalimu, vuta pole pole. Unasikia inapokwenda bure?"

"Nasikia. Imelegea."

"Haijalegea, Mwalimu. Hapo ndipo springi zinapopata nafasi ya kubana kwa nguvu zote. Ukiiondoa hiyo, umeshika klachi mchana na usiku bila kujua. Kijana huyu alikaza kama ulivyomwagiza."

Mzee alirudia kuvuta mara mbili, tatu. Kisha Kaka akajikaza, akasema kwa heshima, "Mwalimu, na mimi naomba nafasi kidogo. Siku moja kwa wiki isiwe na hesabu, niangalie chombo. Nikikimbiza elfu kumi kila siku, lazima nibebe mishkaki. Nikibeba mishkaki kwenye kichanga, klachi inakufa. Ikifa, hesabu haipo."

Mwalimu akakaa kwenye benchi. "Mwanangu, pikipiki hii ni kiinua mgongo changu," akasema. "Januari nina ada za wajukuu wawili. Mama yao hayupo. Wewe unaomba nafasi kwangu. Mimi ya kwangu nimwombe nani?"

Hakuna aliyejibu. Msomaji, mimi naandika hadithi, na kwenye hadithi ningependa tajiri awe mbaya, mambo yawe mepesi. Pale gerejini hakukuwa na mbaya. Kulikuwa na waya mmoja uliovutwa kutoka kwenye ada za watoto, ukapita kwa mzee, ukapita kwa Kaka, ukaishia kwenye pleti. Na pleti ndizo hazina mdomo. Kamba hukatikia pabovu, wanasema wahenga, lakini mimi nimeona kwamba mara nyingi pabovu ni pale palipobebeshwa yote.

Walikaa mpaka kivuli cha mwembe kikahama. Mwishowe Mwalimu akatoa karatasi ya mkataba kwenye mfuko wa shati na kalamu. Jumapili haina hesabu. Zile Jumapili tano zinasogezwa mwisho, mkataba unarefuka siku tano. Deni la siku mbili litalipwa kidogo kidogo, na siku hii ya matengenezo haihesabiwi. Wakatia sahihi wote wawili, Fundi shahidi. Seti ya pleti Fundi aliitoa kwa mkopo, akaniambia nisimwambie mtu, na sasa nimekwambia wewe.

Pleti mpya hazifungwi kavu. Tulizilowesha kwenye oili ya injini kwanza, kwa sababu klachi ya pikipiki hizi inafanya kazi ndani ya oili na ikianza kavu inaungua siku ya kwanza. Tulikagua meno ya kikapu. Yakiwa na mashimo, pleti zinakwama na klachi inashtuka. Bolti za springi tulizikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, ili zibane sawa. Tukaweka oili ya pikipiki, ile iliyoandikwa JASO MA kwenye chupa, si oili yoyote ya gari, kwani baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Waya tuliudondoshea oili ukalainika. Mwisho Fundi akampa Kaka spana, akasema, "Rekebisha mwenyewe. Acha kidole kimoja." Akarekebisha, akapima, akageuza usukani kushoto, akageuza kulia.

Je, Kaka aliacha mishkaki? Hapana. Nimemwona nayo zaidi ya mara moja, na mimi si askari. Kuna Jumatatu isiyo na abiria, na elfu kumi haijui Jumatatu. Lakini kwenye kichanga anamshusha mmoja. Jumapili anakuja gereji, anaosha chombo, anakagua waya, anakunywa chai yetu bila kulipa. Alimaliza mkataba siku tano baada ya tarehe ya kwanza, akapewa kadi. Wale wajukuu walikwenda shule; ada ililipwa kwa awamu.

Na wewe mwandishi mwenzangu, unayejifungia usiku ukitaka kumaliza kurasa kumi kwa nguvu baada ya kibarua cha kutwa, nadhani umeshanielewa. Sina la kuongeza.

Kwa wengine nina ombi moja. Kesho ukipanda pikipiki, kabla hamjaondoka, mwombe dereva uguse ncha ya mkono wake wa klachi. Ukikuta haina nafasi ya kidole, usimcheke wala usimwambie yeye ni mzembe. Mwulize hesabu yake ni shilingi ngapi kwa siku, na ni siku ngapi kwa wiki.